Nimepiga 3-4-5 lakini msingi umekwenda upogo. Nimekosea wapi?

Mchimbamsingi

Habari wakuu. Mimi si fundi, tuanzie hapo, ili mkinicheka mnicheke kwa haki. Najenga karakana ndogo ya mita 4.8 kwa 7.2. Kazi ya kupiga kamba nimeifanya mwenyewe, maana niliona vigingi vinne haviwezi kunishinda.

Kona ya kwanza niliipiga kwa hesabu ya shuleni: sentimita 30 upande huu, 40 upande ule, na kutoka alama hadi alama lazima itoke 50. Ikatoka 50. Kutoka hapo nikavuta kamba hadi mita 7.2, nikarudia upande wa pili, nikafunga. Kuta zinazotazamana zikalingana: 4.8 na 4.8, 7.2 na 7.2. Nikakaa chini nikanywa maji kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Jioni mwanangu akapita, akasimama kidogo, akaniuliza, "Mbona hii kamba imelala?" Nikamwambia ni macho yake. Alipoondoka nikachukua tepu nikapima kona kwa kona. Moja ni mita 8.70. Nyingine ni 8.60. Sentimita kumi nzima!

Sasa sielewi. Pande zote ziko sawa, imekuwaje kona kwa kona zisilingane? Na je, kuna namna ya kurekebisha bila kung'oa kila kitu? Zege bado, nashukuru.

Nikiwa bado nimewakalisha: kuna mti mrefu, umbali wa mita 11 kutoka ukuta wa karibu, na umeinama kidogo kuelekea huku. Nataka kujua ukianguka utafika au hautafika. Kuupanda na tepu sitaki.

SkweaYaChuma

Achana na Pythagoras mkuu. Nunua skwea ya chuma, iweke konani, vuta kamba, umemaliza. Nimefanya kazi hivyo miaka yote na nyumba zimesimama.

TimaziLaZamani

Mchimbamsingi, hongera kwa kupima kona kwa kona kabla ya zege. Wengi hugundua siku ya kupanga vigae, na kigae hakimsitiri mtu: safu inaanza na kigae kizima, inaishia na kipande chembamba kama kisu.

Hesabu haijakudanganya. Chukua kiberiti kitupu, toa kile kidroo cha ndani, lile ganda lisukume ubavuni kwa kidole. Pande zake nne zimebaki na urefu uleule, ila limelala. Hicho ndicho ulichonacho kiwanjani: si mstatili, ni msambamba. Pande zinazotazamana kulingana hakukuhakikishii kona hata moja. Anayeamua ni kipimo cha kona kwa kona.

Kwako kinatakiwa kiwe ngapi? 4.8 mara 4.8 ni 23.04. 7.2 mara 7.2 ni 51.84. Jumla 74.88, na kipeuo chake cha pili ni 8.653. Kwa hiyo moja imezidi karibu sentimita tano, nyingine imepungua karibu tano. Hilo peke yake linanionyesha kwamba urefu wa kuta zako ni sahihi na tatizo ni kulala tu.

Imelala kiasi gani? Kuna njia ya mkato ninayoipenda. Zidisha kila kipimo cha kona kwa kona kwa chenyewe: 8.70 inatoa 75.69, 8.60 inatoa 73.96. Tofauti ni 1.73. Igawe kwa mara nne ya upande mfupi, yaani 19.2. Jibu ni 0.09. Upande wako wa mbali umesogea kando sentimita 9.

Sasa njoo kwenye kosa lenyewe. Unasema 30, 40, ikatoka 50. Mimi nasema ilitoka 50.3, na hukuiona, kwa sababu milimita tatu ni unene wa alama ya penseli butu ukiongeza kamba iliyolegea. Milimita tatu pale zinaifungua kona yako kutoka nyuzi 90 hadi 90.7 hivi. Kwenye mkono wa sentimita 40 kosa hilo ni nusu sentimita, nani atajali? Lakini wewe hukuishia kwenye 40. Ulivuta hadi mita 7.2, ambayo ni 40 mara kumi na nane. Nusu sentimita mara kumi na nane: ndiyo hizo 9.

Ungepiga 3-4-5 kwa mita, ukakosea milimita zilezile tatu kwenye mshazari, kosa la nusu sentimita lingekuwa mwisho wa mkono wa mita 4. Hadi 7.2 lingefika milimita 9. Mtu yuleyule, mkono uleule unaotetemeka, kosa limepungua mara kumi. Nilipokuwa najifunza kazi niliambiwa "piga pembetatu kubwa" bila kuelezwa sababu, nikaipuuza mpaka ukuta wa watu ukanifundisha. Hiyo hadithi siisimulii hapa.

Kwa chumba chako usitumie hata 3-4-5 kavu. Ukuta wako mfupi ni 4.8, basi ufanye wote kuwa "nne". Zidisha kila namba kwa 1.2: 3.6, 4.8, 6.0. Weka alama ya 3.6 kwenye kamba ndefu, na kutoka hapo hadi mwisho wa ukuta mfupi lazima isome mita sita kamili.

Kurekebisha: usiguse vigingi viwili vya ukuta mfupi ulioanza nao. Vile viwili vya mbali vihamishe vyote kwa pamoja, sentimita 9, kwa kufuata mstari wao wenyewe, kuelekea upande wa kile kinachomaliza kipimo kifupi cha 8.60. Kipimo kirefu kitapungua, kifupi kitaongezeka, vikutane 8.65 na ushei. Halafu pima tena kuta nne, usiniamini mimi.

Jambo la mwisho, kama kiwanja chako kina mteremko. Tepu ilazwe usawa wa maji, isifuate ardhi. Kwenye mita 5, ardhi ikishuka sentimita 30, tepu inayofuata ardhi inasoma 5.009. Hizo milimita tisa zinaingia moja kwa moja kwenye kona yako. Inua upande wa chini, hakikisha kwa pima maji, dondosha timazi hadi kwenye kigingi.

SkweaYaChuma, sina ugomvi nawe. Kwa fremu ya dirisha skwea ni mali. Ila mkono wake ni sentimita 60, na ugonjwa wa kuvuta mstari mfupi hadi mita saba ni uleule. Halafu skwea ikidondoka mara moja tu, nani aliihakiki? Ipime hivi: iegemeze kwenye ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikilaliana, ni nzima. Ikifunguka kama mkasi, kosa la skwea ni nusu ya huo uwazi.

SkweaYaChuma

Nimeipima sasa hivi. Inafunguka.

Nitarudi.

ChakiNyeupe

Nimecheka hadi nimeamsha watu.

Mzee Timazi ameeleza vizuri, ila mwalimu hawezi kukaa kimya. Kanuni tuliyokaririshwa inasema: kama kona ni mraba, basi vipeo vya pili vya pande mbili fupi vikijumlishwa vinatoa kipeo cha pili cha upande mrefu. Fundi hatumii hiyo. Yeye anatumia kinyume chake: namba zikikubaliana, basi kona ni mraba. Hayo ni madai mawili, na la pili linahitaji uthibitisho wake. Euclid, karibu mwaka 300 KK, aliyathibitisha moja baada ya jingine, na kila ninapofundisha nagundua wanafunzi hawajawahi kuambiwa kuwa kuna la pili.

Na Pythagoras mwenyewe hakuwa wa kwanza kujua namba hizi. Kuna kibao cha udongo cha Babeli, kinaitwa Plimpton 322, kiko Chuo Kikuu cha Columbia kule New York. Kiliandikwa takribani mwaka 1800 KK, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Mstari wa kwanza una 119 na 169. Tafuta upande uliobaki, utapata 120 kamili. Jaribuni kwa mkono, mtawaheshimu hao watu.

Haya, mti. Kunja karatasi yenye kona nzuri ili ukingo mmoja ulalie ukingo wa pili. Unapata pembetatu mraba yenye pande mbili zinazolingana, na pembe za nyuzi 45. Ishike usawa wa jicho, upande mmoja ukiwa umelala sawasawa na mwingine umesimama upande wa mti. Ning'iniza uzi wenye nati kwenye upande uliosimama ili ujue kweli umesimama. Tazama kwa kufuata mshazari. Rudi nyuma, songa mbele, mpaka mshazari uguse ncha ya mti. Hapo umbali wako hadi mti unalingana na kimo cha mti kuanzia jicho lako kwenda juu. Ongeza kimo cha jicho lako. Watu husahau hicho, kisha wanashangaa mti umepungua mita moja na nusu.

Kwako kuna mtego: mti umeinama. Hesabu hii inadhani ncha iko juu kabisa ya shina. Ukiupima huku umesimama upande unaokuinamia, ncha iko karibu nawe kuliko shina, na utadhani mti ni mrefu kuliko ulivyo. Simama ubavuni, ili uuone umeinama kulia au kushoto. Hapo umbali kutoka kwako hadi shinani ni uleule hadi chini ya ncha, na mahesabu yanakaa.

Kama huna nafasi ya kurudi nyuma, tumia kipimapembe na uzi. Simama mita 8, soma pembe. Ikiwa nyuzi 53, tanjenti yake ni 1.327, zidisha kwa 8 upate 10.6, kisha ongeza kimo cha jicho kama mwanzo. Angalizo: ukikosea nyuzi moja hapo, umekosea karibu sentimita 40 za mti. Kwa hiyo soma mara tatu.

Na jua likiwaka, hakikisha kwa kivuli. Fimbo ya mita moja iliyosimama wima, pima kivuli chake, pima na kivuli cha mti, hadi pale chini ya ncha, gawa. Pima vyote kwa dakika zilezile, maana jua halisubiri mtu atafute kalamu.

Mchimbamsingi

Mzee Timazi, nimehamisha vigingi. Nimepima mara nne, nitaleta majibu kesho kukiwa na mwanga, sasa hivi sijiamini.

Mwalimu, kwa karatasi nimesimama mita 10.6 kutoka katikati ya shina. Jicho langu liko mita 1.55 (mwanangu ndiye aliyenipima, akafurahia sana). Jumla 12.15. Asubuhi nilifanya la kivuli: fimbo ya mita moja ilitoa sentimita 80, mti ukatoa mita 9.7. Nikagawa, 12.1. Njia mbili tofauti zimepishana sentimita tano! Sikutegemea. Yaani utafika ukutani na utaingia ndani zaidi ya mita moja.

Nimeamua upunguzwe juu kabla sijapandisha ukuta. Kuna ngazi ya mita 6 hapa, nafikiri nikiisogeza karibu kabisa na shina nitapata kimo cha kutosha kufikia tawi la kwanza.

NgaziNdefu

Simama hapo hapo ndugu yangu. Kazi yangu ni ya ngaziini kila siku, na hilo la "nisogeze karibu nipate kimo" ndilo linalodondosha watu chali.

Hesabu ndogo. Ngazi ni mshazari, ukuta ni upande mmoja, ardhi ni upande wa pili. Ngazi yako ni 6. Ukiisimamisha wima kabisa, imebana ukuta, inafika mita 6. Ukivuta mguu wake nje mita 1.5, inafika wapi? 36 toa 2.25 ni 33.75, kipeuo chake 5.81. Umepoteza sentimita 19 tu! Kwa hizo 19 watu wanakubali kupanda kitu kinachoweza kuwarudisha nyuma.

Mita 1.5 sijaitoa hewani. Ni robo ya urefu wa ngazi: nne kwenda juu, moja kwenda nje, inakupa pembe ya nyuzi 75 hivi. Na usizidishe upande wa pili pia. Ukivuta mguu hadi mita 3, juu unafika 5.20 na pembe imekuwa 60, hapo sasa mguu ndio unaotaka kuteleza.

Na hiyo ni kwa ukuta. Shina la mti ni duara, ngazi inaviringika, na tawi likikatwa mti unaruka kidogo na ngazi inaruka nao. Tafuta mtu wa kamba na mikanda. Mimi mwenyewe sikati miti.

Mchimbamsingi

Nimekusikia. Nimempata mtu wa miti, na swali lake la kwanza lilikuwa urefu wa mti. Nilimjibu "mita 12" kwa sauti ya mtaalamu.

Swali la mwisho halafu nawaacha mpumzike. Paa. Kuta za upana wa 4.8, nataka kenchi yenye kimo cha mita 1 katikati. Nakata mbao za mteremko urefu gani? Nataka zitokeze nje ya ukuta sentimita 48 kila upande.

TimaziLaZamani

Umeangukia namba tamu bila kujua. Nusu ya upana ni 2.4, kimo ni 1. 5.76 jumlisha 1 ni 6.76, na kipeuo chake ni 2.6 kamili, hakuna mkia. Ni ndugu yake 3-4-5 anayeitwa 5-12-13, umemgawa kwa tano tu.

Sasa hapo kwenye kutokeza ndipo mbao huharibika. Mtu anachukua 2.60, anaongeza 0.48, anakata 3.08. Lakini 48 zako umezipima kwa usawa, na mbao inakwenda kwa mteremko. Kila 12 za usawa zinakula 13 za mbao. Kwa hiyo 48 inakuwa 52, na mbao ni 3.12. Sentimita nne si nyingi, ila zikikosekana upande mmoja na kuwepo upande wa pili, kila anayepita ataona.

Kama juu katikati utaweka ubao unaopokea mbao za pande zote mbili, toa nusu ya unene wake upande wa usawa kabla ya kuanza hesabu. Na usikate zote kwa mpigo. Kata jozi moja, ipandishe, itazame. Ikikaa, itumie jozi hiyo kama kipimo cha zilizobaki. Usipime kila mbao kutoka kwenye mbao uliyotoka kuikata. Kosa dogo litazaliana hadi mbao ya kumi.

SkweaYaChuma

Nimerudi. Nimeinyoosha ile skwea kwa nyundo na tindo pale konani, nikaigeuza tena, mistari imelaliana. Nimepitia pia kabati nililotengeneza mwaka jana. Sasa najua kwa nini mlango wake haufungi.

ChakiNyeupe

Mkuu, tafadhali pima lile kabati kona kwa kona utuletee. Nataka niwape darasani kama zoezi.

Mchimbamsingi

Majibu ya asubuhi, nimepima na mwanangu ameshika upande wa pili wa tepu: 8.654 na 8.652. Kuta bado ni 4.8 na 7.2. Pembetatu ya 3.6, 4.8 na 6.0 imekubali kwenye kona zote nne.

Kinachonisumbua ni hizo milimita mbili. Nihamishe tena kigingi?

TimaziLaZamani

Hapana. Vuta tepu kwa nguvu kidogo zaidi, milimita mbili zitahama zenyewe. Kigingi chenyewe ni kinene mara ishirini ya hizo.

Mwaga zege.